Wadudu wa Kisima Namba Nne

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naiandika salamu mapema, maana najua ukifungua sanduku hili utaona chupa kwanza na barua baadaye, na utasema mtoto huyu shule imemtoa adabu.

Sisi huku wazima. Goti la Mama limepungua kuvimba, ila ulimi wake haujapungua kitu. Anakusalimu na kuuliza kama bado unavaa lile koti lenye mfuko uliochanika. Nimemwambia amwachie mkeo kazi ya kukusema, akanijibu kwamba kaka yake ni wake, mke alimkuta.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kibali kimetoka! Baada ya miaka mitatu ya kufuga bakteria kwenye mitungi ya kioo, maabara yetu imeruhusiwa kujaribu ardhini, na mahali palipochaguliwa ni hapo kwenu, kati ya lundo la mabaki la kile kinu cha zamani cha kusaga mawe ya urani na mto. Hali unaijua kuliko mimi. Kinu kilifungwa, wenyewe wakaondoka, lundo likabaki, na kila mvua ikinyesha urani inayeyuka na kuteremka pamoja na maji ya chini ya ardhi. Imeshafika kwenye visima vyenu, ndiyo maana vina kufuli. Isipozuiwa itafika mtoni, na mtaa wote wa bondeni unachota pale.

Wadudu wenyewe hatuwaleti kutoka popote. Wamo kwenye udongo wenu tangu zamani, wamelala na njaa. Sisi tunapumua hewa. Wao huko chini hewa hawana, kwa hiyo wanapumua chuma kilichomo kwenye udongo, na wakikutana na urani wanaipumua vilevile. Urani iliyopita kwao haiyeyuki tena kwenye maji. Inageuka punje ndogo kuliko vumbi na kushika kwenye mchanga. Kazi yetu ni kuwalisha tu, na chakula wanachokipenda ni cha jamii ya siki. Mafundi watakuja kufunga matangi mawili na mabomba ya kukiteremsha.

Anahitajika mtu wa kuchota sampuli kila baada ya wiki mbili kwenye visima vinne. Mkurugenzi alitaka kumtuma msomi kutoka chuoni. Nikamwambia hapo yupo mtu aliyeishi na maji ya ardhini miaka thelathini na moja, ambaye hata watoto wanamwita Fundi Keekee kwa jinsi alivyotoboa nusu ya nchi, na kwamba maabara nzima haina mtu wa kumfikia. Akakubali.

Kisima namba nne kwenye ramani ni kile ulichokichimba wewe karibu na lundo. Nilikuwa darasa la kwanza siku kilipotoa maji, na nakumbuka ulivyolowa na kucheka. Kama hutaki kukigusa sema tu, nitatafuta mtu mwingine kwa hicho kimoja.

Ni mimi mpwa wako.


21 Februari

Mwanangu, Daktari wa Wadudu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Sisi hatujambo. Mkazamjomba wako hajambo pia, ila amenuna. Matangi yenu yamefungwa upande unaotokea upepo. Sasa nyumba inanuka siki, mapazia yananuka siki, na jana aliniambia mimi mwenyewe nanuka siki, wakati ilimchukua miaka kuzoea kwamba nanuka grisi. Mwambie mama yako mfuko wa koti umeshonwa na jirani yetu fundi cherehani, kwa hiyo atafute kosa lingine.

Karatasi yako ya maelekezo nimeisoma mara mbili. Ni karatasi yenye heshima sana. Imejaa "tafadhali" na "ukiona inafaa". Katika maisha yangu ya kazi nilikuwa naamrishwa na watu waliopiga kelele kuliko mashine, kwa hiyo mwanzo nilidhani ni barua ya mwaliko wa harusi.

Kazi naifanya hivi. Nafika asubuhi kabla jua halijachachamaa. Natoa kwanza maji yaliyolala bombani, dakika ishirini nikitazama saa, maana maji yaliyolala hayajui kinachoendelea chini. Yakija yale ya baridi, ndiyo nachukua chupa. Naandika namba, tarehe na saa, na harufu pia, ingawa hukuniambia niandike harufu.

Lakini mwanangu, hivi ni kweli viumbe hawa wanapumua chuma? Nimekaa na hilo siku tatu. Nimetoboa ardhi hii miaka yote nikidhani napita kwenye mawe na mchanga. Kumbe nilikuwa napita vyumbani mwa wenyewe, wamelala, nami nawapigia kelele kama nini. Na wewe ndiye uliyejua kwamba wapo na wanataka kula nini! Bibi yako angekuwa hai angesema umeanza kuongea na mizimu, kisha angewatangazia majirani wote.

Sampuli za namba moja, mbili, tatu na nne zimo sandukuni. Hakuna haja ya mtu mwingine.

Mjomba wako.


23 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa mkazamjomba. Nimemtumia mapazia mapya, yamo chini ya chupa. Ni mazito na yanafulika. Mama ameanza kutembea bila fimbo lakini anaibeba fimbo hivyohivyo, anasema ni ya kunyooshea watu.

Kaa kitako ndipo usome. Urani kwenye maji ya kunywa isizidi kipimo cha thelathini. Mwezi Februari namba nne ilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Machi ikawa mia moja thelathini na moja. Mwanzoni mwa Aprili sitini na nne. Juzi tumepata arobaini na moja!

Nilirudia kupima mara tatu nikidhani mashine imeharibika. Mkurugenzi, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka, aliitazama ile karatasi, akacheka, akaita wenzake kutoka chumba cha pili. Wameniambia nijiandae kwenda kueleza mbele ya wakubwa. Miaka yote mitatu walikuwa wananiuliza kwa upole kama sina jambo jingine la kufanya maishani.

Wadudu wanasafisha maji, Mjomba. Wanayasafisha kweli, na anayewahudumia ni wewe. Nilipoulizwa siri ya sampuli nzuri namna hii nilisema tuna fundi.

Mpwa wako, ambaye leo hashikiki.


10 Mei

Mwanangu,

Mungu akuweke. Huku wote wazima, mapazia yamepokelewa, na mkazamjomba wako sasa anasema siki si harufu mbaya sana ukiizoea. Mwanamke huyu ni wa kununuliwa kwa kitambaa, mwaka wa arobaini sasa.

Barua yako niliisomea kwenye foleni ya boza la maji. Sikukusudia kuisoma hadharani. Nilikuwa naisoma kimya, midomo ikacheza, mtu akaniuliza kuna nini, nikajikuta nimesimama juu ya ndoo nasoma kwa sauti. Nilipofika "wanayasafisha kweli" watu walipiga vigelegele. Fundi cherehani, ambaye siku hizi hazungumzi sana, alinyanyua mkono akaniomba nirudie ile arobaini na moja. Nikarudia. Akasema, "Kesho kutwa tu hiyo."

Kwa hiyo nimeanza kujitayarisha. Pampu ya namba nne nimeifungua yote, nimebadilisha ngozi za ndani, nimepiga mpini rangi. Nimewaambia watu tusubiri neno kutoka kwako. Niambie basi, tunafungua lini?

Nimewaeleza pia jinsi ninavyochota, wasije wakadhani ni kazi ya kubahatisha. Kila chupa naisuuza mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe ndipo naijaza. Ndivyo nilivyofundishwa nilipoanza kazi na sijawahi kuruka hata siku moja. Tena mwambie anayeosha chupa huko, kwa upole, kwamba hazikaushi vizuri. Kila moja inakuja na matone chini, yanawasha kidole kidogo, labda ni sabuni. Usimkemee. Mimi nayamwaga tu.

Mjomba wako.


2 Julai

Mwanangu,

Natumaini hamjambo. Masanduku matatu nimetuma, na yote yamerudi na chupa tupu bila hata mstari mmoja. Koki za matangi ya siki zimefungwa tangu mwisho wa Mei, na fundi aliyekuja kuzifunga hakujua kwa nini. Kama mama yako anaumwa usinifiche, mimi ni kaka yake.

Kama si hilo, basi niambie habari ya kisima. Watu wananiuliza kila siku. Nimeanza kwenda kwenye boza wakati wengine wameshaondoka.

Mjomba wako.


15 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama ni mzima kabisa, na angejua nimekutia wasiwasi angenirudi kwa ile fimbo. Nisamehe kwa ukimya. Kila nilipoanza kuandika niliichana karatasi.

Barua yako ya Mei ilifika siku moja na jambo jingine. Hapa maabara kuna mama anayeosha vyombo, ameosha vyombo hapa tangu kabla sijazaliwa. Asubuhi ile alikuja mezani kwangu na chupa yako, akaiinua mbele ya dirisha, akaniuliza, "Hivi chupa za mjomba wako zinapataje kutu, na ni za plastiki?"

Niliangalia. Chini kulikuwa na pete nyekundu. Niliangalia ya pili, ya tatu, zote. Kisha nikafungua barua yako, nikasoma ulivyosuuza mara tatu na ulivyomwaga yale matone.

Yale matone hayakuwa sabuni, Mjomba. Ni tindikali. Kazi yake ni kuifanya urani ibaki imeyeyuka mpaka inifikie. Bila tindikali, chuma kilichomo majini kinakutana na hewa chupani na kugeuka kutu. Kutu inazama na urani inazama nayo, na sisi tukapima maji ya juu. Ile arobaini na moja haikuwa kisima. Ilikuwa siku tano za sampuli kwenye lori.

Sasa sikia hili, na usilipite haraka. Kosa si lako. Karatasi ya kwanza ya maelekezo ilikuwa na mstari unaosema: Usisuuze chupa. Niliufuta mimi, kwa mkono wangu. Niliona nitamwandikiaje hivyo mtu aliyeijua kazi ya maji kabla yangu, mtu aliyenifundisha kushika spana? Niliona haya. Nikaweka "tafadhali" nyingi mahali pa neno moja ambalo kazi ililihitaji. Wewe umefanya kama fundi hodari anavyofanya. Mimi sikufanya kama daktari.

Nilimweleza mkurugenzi siku ileile. Hakucheka. Kila kitu kilisimamishwa, pamoja na siki, na kwa wiki sita nilikuwa napita kwenye veranda watu wakinyamaza. Mkutano wa wakubwa ulifutwa.

Lakini lipo jambo lililotuokoa, na aliyeliona ni mama wa vyombo. Aliuliza kutu inatoka wapi, na swali lile halikuniacha. Chuma kilicholala kwenye udongo hakiingii majini ovyo. Kinaingia kikishapumuliwa. Chupa zako za Februari, ambazo tumezihifadhi, hazina kutu kabisa. Za Machi zina uzi mwembamba. Za Aprili zina pete nene kama ya ndoa. Wadudu wameamka, Mjomba! Ungezijaza chupa inavyotakiwa tusingeiona hiyo kutu hata siku moja. Tulirudisha tindikali tukapima kila kitu, maji na kutu pamoja, na namba nne ni mia moja sitini na nane. Si arobaini na moja, lakini si mia mbili na kumi na mbili tena. Imeshuka kweli.

Kwa ajili ya hiyo pete tumeruhusiwa kuendelea. Siki itafunguliwa Jumatatu. Na safari hii nasema bila tafadhali: usisuuze chupa, usimwage matone, vaa glavu.

Mpwa wako anayekuheshimu, pengine kupita kiasi.


1 Agosti

Mwanangu,

Salamu kwa mama yako na fimbo yake. Mkazamjomba wako hajambo. Nilimsomea habari ya chupa ya plastiki iliyopata kutu, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia siku zote alijua usafi wangu utaniletea balaa, kwa sababu sijawahi kuuleta nyumbani.

Chupa za sanduku hili hazijasuuzwa. Mkono ulikataa mara mbili, nikaulazimisha. Kuna jingine: namba mbili imeanza kunuka yai viza, tangu siku chache baada ya siki kufunguliwa. Mkazamjomba wako anasema mnawalisha hao kama wagonjwa waliotoka hospitali, wapunguziwe. Nimeandika tu, msinicheke.

Kwa watu nilisimama tena nikawaambia hesabu ya kwanza haikuwa sahihi. Haikuwa siku nzuri.

Sasa nikuambie ukweli. Umeniandikia kurasa tatu za chupa. Mimi sikuuliza chupa. Niliuliza kisima. Niliuliza Mei, nikauliza Julai. Wewe tangu utotoni ukifanya kosa unaungama lingine, nakujua.

Basi nitaanza mimi, ili usione haya peke yako.

Nilipopewa kazi ya kile kisima palikuwa na sehemu mbili. Juu kwenye mwamba, na chini karibu na lundo ambapo ardhi ni laini. Mwambani ningechukua siku nne na kuvunja keekee mbili. Pale laini nilimaliza kwa siku moja na nusu. Nilijisifu, na watu wakanisifu. Lundo nililiona, lilikuwa mbele ya macho yangu. Sikujua kwamba lundo linaweza kutembea, lakini pia sikuuliza, kwa sababu ardhi ilikuwa laini na nilitaka kumaliza.

Walikunywa maji yale miaka kumi na moja. Fundi cherehani figo zake zimekwisha. Daktari hakusema ni maji, wala hakusema si maji. Hakuna mtu hata mmoja wa hapa aliyewahi kunilaumu. Wananisalimia, wananishonea mifuko. Afadhali wangenitukana.

Ninachotaka ni siku moja tu. Nisimame pale, nipige mpini, maji yatoke safi na fundi cherehani anywe nikimwona. Ndiyo maana nimekubali kuchota. Sasa niambie kama siku hiyo ipo.

Mjomba wako.


20 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikamsomea Mama. Mama aliiweka ile fimbo chini, na unajua hilo lina maana gani kwake.

Siku hiyo haipo. Kisima namba nne hakitafunguliwa, si mwaka huu wala mwaka mwingine wowote.

Nilikuandikia kwamba wadudu wanasafisha. Nililipenda hilo neno, ni tamu, na nilijua utalipenda. Lakini si kweli. Hawaondoi urani. Haijatoka hata punje moja, ipo palepale, na mionzi yake ipo vilevile. Wanachofanya ni kuifunga isitembee na maji. Na wanaweza kuifunga kwa sababu huko chini hakuna hewa. Pampu ikivuta maji, maji mapya yenye hewa yanaingia, na urani inayeyuka tena. Hata bila kupampu, kisima kile ni tundu linalopitisha hewa katikati ya kazi yao. Ni lazima kijazwe zege mpaka juu. Niliyajua haya tangu Februari. Yamo kwenye ukurasa wa sita wa mpango, niliuandika mimi. Uliponiambia umepiga mpini rangi nilishindwa.

Siwezi kukupa siku uliyoitaka. Naomba uniruhusu nikuambie nilicho nacho.

Mwambie mkazamjomba alikuwa sahihi kuliko sisi sote. Harufu ile ilikuwa ya wadudu wengine, wanaopumua salfa, waliokuja kula chakula cha wenzao na kuwasukuma pembeni. Mashine zetu zingelijua hilo baada ya mwezi. Tulipunguza siki wiki ileile, na wetu wakarudi. Namba nne sasa ni sabini na nne. Kweli, kwa chupa zisizosuuzwa.

Na namba moja, kile cha karibu na mto, ndicho kilichokuwa kinaninyima raha tangu mwanzo. Mwaka jana kilikuwa kinapanda kila mwezi, kikafika thelathini na nane. Vipimo vitatu mfululizo sasa ni kumi na tisa. Urani imesimama, Mjomba. Ilikuwa inateremka kwenda kwa watu wa bondeni na imesimama njiani. Wanachota mtoni asubuhi hii na hawajui kwamba kulikuwa na kitu kinawafuata. Mkurugenzi ameandika kwenye ripoti kwamba bila mchotaji wa sampuli jaribio hili lingekwenda mrama mara mbili. Nilimwambia mara ya kwanza lilikwenda mrama kwa sababu yangu, akasema hilo ameliandika pia.

Sijawahi kumwona mtu anayesimama mbele ya foleni ya majirani na kusema "hesabu ilikuwa makosa" wakati makosa si yake. Ningekuwa na nusu ya moyo wako ningekuandikia barua hii mwezi wa pili.

Mkandarasi atakuja wiki ya tatu ya Oktoba kukijaza. Mama anasema njoo ukae kwetu wiki hiyo, usione. Nami nasema njoo.

Mpwa wako.


3 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie mama yako nashukuru kwa mwaliko na chumba alichokipanga, na anisamehe kwamba sikuja. Mkazamjomba wako alikuwa ameshafunga sanduku. Nililifungua mwenyewe.

Barua yako nilikaa nayo siku mbili. Sikukasirika. Niliona tu kwamba nimekuwa nikiomba kitu cha kunifurahisha mimi. Fundi cherehani kunywa maji nikimwona, hiyo ilikuwa dawa yangu, si yake.

Mkandarasi alikuja na watu wanne na mashine ya zege. Wakataka kumwaga kutoka juu, kama unavyojaza ndoo. Nikawasimamisha. Kisima cha mita arobaini na nane ukikimwagia kutoka juu, zege linashika njiani na kuacha mifuko ya hewa chini, na wewe umeniambia hewa ndiyo adui. Walinitazama kama mzee anayetafuta pa kupoteza muda. Nikawaambia atakayeteremsha bomba ni mimi. Nikalishusha mpaka chini kabisa, zege likaanza kujaa kutoka chini kwenda juu, nami navuta bomba kidogokidogo kadiri linavyopanda. Ilichukua saa tano. Mabega yangu mpaka leo yananisema. Msimamizi wao mwishoni aliniuliza nilijifunzia wapi, nikamwambia nilijifunza kuvitoboa, na kufunga ni kurudi kwa njia ileile.

Watu walikuja, karibu foleni nzima. Zege lilipofika juu niliwaambia kwamba hapa maji hayatatoka tena. Nikawaambia urani ipo chini bado, imefungwa tu, na walioifunga ni viumbe wa udongo wao wenyewe, walioamshwa na mtoto wa dada yangu. Kisha nikawaambia habari ya mwamba na ardhi laini. Yote, na ile siku moja na nusu.

Kisha fundi cherehani, ambaye walimletea kiti, akasema, "Keekee, siku ile ya kuchimba nani alikuwa ameshika kamba?"

Nikasema, "Wewe."

"Na nani alikuwa anapiga kelele, maliza, maliza, tuna kiu?"

Nikasema, "Wewe."

"Basi usijibebee kisima kizima peke yako. Kilikuwa chetu." Akageuka akamuuliza msimamizi kama zege likishakauka mtu anaweza kulikalia, maana kiti kile kinamuumiza.

Nililia mwanangu, mbele ya watu na mbele ya mkandarasi. Mkazamjomba wako alinipa kona ya kanga yake.

Ofisi ilileta kibao chenye neno HATARI na picha ya fuvu. Nilikikataa. Zege likiwa bado bichi nilichukua msumari mrefu nikaandika mwenyewe: KISIMA HIKI ALIKICHIMBA FUNDI KEEKEE. AMEKIFUNGA FUNDI KEEKEE. MTU ASITOBOE HAPA. Mwandiko wangu mbaya unaujua, lakini unasomeka mpaka barabarani.

Mjomba wako.